Mbwa aliyezaa uwani: Najisi haiondoi huruma

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, vinavyotembea juu ya ardhi na vinavyoruka kwa mbawa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake watukufu.

Ijumaa hii tumeona tulizungumze jambo ambalo wengi hulipita wakidhani ni dogo. Mama mmoja wa Bububu ametuletea suala. Anasema mbwa asiye na mwenyewe aliingia kibanda chake cha kuni, nyuma ya jiko, akazaa watoto watano. Mumewe anasema watolewe, kwa kuwa nyumba yenye mbwa haiingiwi na Malaika. Jirani amejitolea kuwatia watoto hao katika gunia na kwenda kuwatupa pwani. Watoto wa nyumbani wanalia wakitaka wapewe chakula. Naye mama anauliza: Je, nikimpa mbwa huyu maji na makombo, nitakuwa nimefanya dhambi? Na sala zetu zitakuwaje?

Suala hili si la mama huyu peke yake. Mbwa koko wapo kuanzia Mtoni hadi Kijichi na kwengineko, na kila jike anapokaribia kuzaa hutafuta pahala pakavu penye kivuli: boma la nyumba isiyokwisha kujengwa, chini ya makuti, au uwani kwa mtu. Kinachofuata tunakijua sote. Watoto watokao chuoni huwarushia mawe, na wakubwa hupita wakiangalia. Baadhi yetu tumefika pahala pa kudhani kwamba kumtesa mbwa ni sehemu ya dini, ati kwa sababu mbwa ni najisi. Dhana hii ni makosa, na katika mistari ifuatayo tutaeleza kwa nini.

Najisi ni hukumu ya tohara

Kwanza tukiri lililo wazi. Sisi wa visiwa hivi walio wengi tunafuata madhehebu ya Imam Shafi (R.A.), na katika madhehebu yetu mbwa ni najisi nzito. Akitia mdomo wake katika chombo, huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo, kama ilivyothibiti katika hadithi sahihi. Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Malik wameona mbwa ni tohara, na wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa wameona najisi ni mate yake. Sisi hatukusudii kumtoa mtu katika madhehebu yake. Abaki hapo hapo alipo, lakini aisome hukumu yake mpaka mwisho.

Najisi ni hukumu inayohusu nguo zetu, vyombo vyetu na pahala petu pa kusalia. Inatwambia tuoshe nini na tuoshe vipi. Haikutwambia hata siku moja kwamba kiumbe aliyeitwa najisi amepoteza haki ya kunywa maji au ya kunyonyesha mwanawe. Damu itokayo katika kidole chetu nayo ni najisi, lakini hatukichukii kidole kwa ajili hiyo.

Ushahidi wa maneno haya hatuna haja ya kuutafuta mbali. Umo katika kitabu wanachofundishwa watoto wetu vyuoni, nacho ni Safinatun-Najaa cha Sheikh Salim bin Sumair al-Hadhramy. Wangapi kati yetu tumekihifadhi kwa moyo! Katika mlango wa kutayamamu, kitabu hicho kinataja sababu tatu za kuacha maji na kutumia udongo. Sababu ya tatu ni kuwa maji yaliyopo yanahitajiwa na mnyama mwenye kuheshimiwa aliyeshikwa na kiu. Kisha kinawahesabu wasiokuwa na heshima hiyo, na mbwa aliyetajwa humo ni yule mkali mwenye kuuma watu. Maana yake ni nini? Wenye kukisherehesha wamefahamu kwamba mbwa asiyekuwa na madhara yumo ndani ya heshima. Ukiwa safarini na maji yako yakawa yanatosha ama udhu wako ama kiu ya mbwa huyo, basi mpe mbwa maji, nawe utayamamu.

Tulizingatie jambo hili vizuri. Fiqhi ile ile iliyotuamrisha kuosha chombo mara saba ndiyo iliyotuamrisha tutoe maji ya udhu kwa ajili ya mbwa mwenye kiu. Sisi tumeshika nusu ya somo tukaiacha nusu ya pili.

Mtume (S.A.W.) na mbwa mwenye watoto

Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imo habari ya mtu aliyemkuta mbwa akila udongo wenye unyevu kwa kiu. Akashuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake cha ngozi, akakiuma kwa meno ili apate kupanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamshukuru na kumsamehe. Masahaba walipouliza kama kweli wana malipo kwa wanyama, Mtume (S.A.W.) akawafahamisha kuwa kila chenye uhai kina ujira ndani yake. Imo pia habari ya mwanamke mzinifu wa Bani Israil aliyesamehewa kwa sababu ya mbwa aliyemnywesha, na ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwachilia ajitafutie mwenyewe.

Lakini habari iliyo karibu zaidi na suala la mama wa Bububu ni ile iliyopokewa na Al-Waqidi katika kitabu chake cha vita vya Mtume. Ilikuwa mwaka wa 8 wa Hijra, katika safari ya kuifungua Makka, na jeshi la Waislamu likikadiriwa kuwa watu elfu kumi. Walipopita Al-Arj, Mtume (S.A.W.) akamwona mbwa jike akiwaungurumia watu kwa ajili ya watoto wake waliomzunguka wakinyonya. Akamwamrisha mmoja wa masahaba, Juayl bin Suraqa, asimame mbele ya mbwa huyo ili asiwepo yeyote katika jeshi atakayemsumbua yeye au watoto wake. Kweli, mabingwa wa hadithi wana maneno juu ya upokezi wa Al-Waqidi, na habari kama hii ni ya sira, haijengewi hukumu peke yake. Hata hivyo, imeafikiana na yale yaliyothibiti. Imam Abu Dawud amepokea habari ya ndege aliyechukuliwa makinda yake akawa anapapatika, na Mtume (S.A.W.) akaamrisha mama huyo arejeshewe wanawe.

Ikiwa jeshi zima lilipishwa njia ili mbwa mmoja anyonyeshe kwa utulivu, basi watoto watano wa mtaani kwetu wenye mawe mkononi ni wajibu wetu kuwazuia. Tukumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha, na Ibn Umar (R.A.) aliwakemea vijana wa Kikureshi aliowakuta wamemfunga ndege wakimlenga. Hawakuwa maadui wa dini wale. Walikuwa vijana wakicheza, kama wetu.

Ama lile gunia la jirani, Imam Izzuddin bin Abdissalam, mwanazuoni mkubwa wa Kishafi aliyefariki mwaka 660 wa Hijra, ametaja miongoni mwa haki za wanyama juu ya mwanadamu kuwa asiwachinje watoto wao mbele ya macho yao. Huyo ni mnyama anayeliwa, na kuchinjwa kwake ni halali. Itakuwaje kwa watoto wasiofumbua hata macho, wanaotupwa pwani wafe kwa njaa na baridi au wachukuliwe na maji?

Watakaopinga

Wapo watakaosema kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha mbwa wauawe. Ni kweli, amri hiyo ilikuwepo Madina kwa wakati wake. Kisha akakataza, kama alivyopokea Jabir (R.A.) katika Sahih Muslim, na akabakisha aina maalumu aliyoitaja. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya kitabu hicho, amenukuu kwamba sharia imetulia juu ya kukatazwa kuuawa kwa mbwa wote wasio na madhara. Anayeuawa ni yule mkali mwenye kudhuru. Basi asitumie mtu hukumu iliyoondolewa kuwa ni kisingizio cha gunia.

Wapo watakaosema kuwa mwenye kufuga mbwa hupungukiwa na ujira wake kila siku. Hilo pia ni kweli, nalo limethibiti, isipokuwa kwa mbwa wa mifugo, wa kilimo au wa kuwindia. Wazee wetu wa Unguja walilifahamu vyema. Wasasi wa mashamba waliwinda na mbwa wao nguruwe na kima waharibifu wa mazao, na hakuna aliyewaambia wametoka katika dini. Imam Nawawi ameona kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa hata mbwa mdogo inafaa kulelewa ili afundishwe kazi hizo, na kwamba ulinzi wa nyumba unaingia humo kwa kukisia. Aidha, mama wa Bububu hakufuga mbwa. Mbwa amekimbilia kwake. Kufuga ni jambo moja, na kumstiri mwenye dhiki mpaka dhiki yake iishe ni jambo jengine.

Ama Malaika, hadithi yake ni sahihi na hatuichezei. Al-Khattabi ameona kuwa mbwa walioruhusiwa hawaingii katika makatazo hayo, na Imam Nawawi ameelekea kuwa hadithi ni ya wote. Mwenye kutaka kuwa katika amani asimwingize mbwa ndani. Kibanda cha kuni kiko nje, na mlango wa nyumba una komeo. Lakini tujiulize kwa uadilifu: nyumba ambayo watoto wake wanaona viumbe vichanga vikitiwa guniani, huku baba na mama wakinyamaza, inafundisha nini?

Siku sitini tu

Sasa tuseme namna ya kufanya, kwa kuwa huruma bila ya maarifa nayo hudhuru. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, na watoto humaliza kunyonya wakiwa na wiki sita hadi nane. Kwa hivyo anayemkuta mbwa amekwisha kuzaa ana jukumu la miezi miwili hivi, si la umri mzima.

Mbwa aliyekaribia kuzaa huhangaika, hufukua chini, huhema na mara nyingi hukataa chakula. Aachiwe pahala pakavu pasipopita watu, na awekewe magunia makavu au matambara. Akishaanza uchungu asizungukwe. Lakini akikazana kwa nusu saa au zaidi bila ya mtoto kutoka, aitwe daktari wa mifugo, kwani huenda mtoto amekwama.

Vilebu, yaani watoto wa mbwa, huzaliwa vipofu na viziwi. Macho yao hufunguka baina ya siku ya kumi na ya kumi na nne, na wiki ya tatu huanza kujikongoja. Siku zao za mwanzo hawawezi kujitia joto wenyewe, na baridi huwaua hata kabla ya njaa. Ndiyo maana mvua za masika zikiwakuta mahali palipo wazi hawapindui usiku. Bati moja kuukuu juu ya kibanda laweza kuwa ndiyo sababu ya uhai wao.

Mama mwenyewe, ikifika wiki ya tatu ya kunyonyesha, huhitaji chakula mara mbili mpaka tatu ya kawaida yake. Wali uliobaki au ugali, ukichanganywa na dagaa au vichwa vya samaki, humfaa sana. Asipewe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwani huvunjika ncha kali na kumchoma ndani. Maji yawepo wakati wote. Akionekana anatetemeka na kukakamaa viungo siku za kunyonyesha, hiyo ni dalili ya upungufu wa madini ya chokaa mwilini, na bila ya daktari hufa upesi.

Tohara nayo haina uzito katika haya. Chakula chake kiwekwe katika kifuu cha nazi au chombo kibovu kisichorudi jikoni. Mwenye kuweka chakula kisha akaondoka hakugusa najisi. Hata nguo kavu ikiguswa na manyoya makavu hainajisiki, kwani kikavu kwa kikavu hakiambukizani. Ukigusana naye kwa unyevu, osha palipoguswa mara saba, moja kwa udongo, ukasali. Kuguswa na najisi si dhambi. Dhambi ni kusali nayo kwa makusudi.

Watoto wa nyumbani waruhusiwe kupeleka chakula pamoja na mtu mzima, lakini wasiwashike vilebu. Mama mbwa mpole kuliko wote huuma akiona mwanawe anachukuliwa, nasi tukamwita mkali ilhali sisi ndio tuliomchokoza. Tena vilebu wengi huwa na minyoo inayoweza kumwambukiza mwanadamu, hivyo kunawa mikono kwa sabuni ni lazima. Dawa ya minyoo huanza wakiwa na wiki mbili.

Kichaa cha mbwa

Hapa ndipo pahala pa hofu ya kweli, na hatutaki kuidharau. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni, wengi wao Asia na Afrika, na waathirika wakubwa ni watoto. Dalili zikishadhihiri, karibu hakuna anayepona. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya sindano. Asingoje kuona mbwa atafanya nini.

Lakini maradhi haya hayaondolewi kwa mawe wala kwa magunia. Yanaondolewa kwa chanjo ya mbwa, na wataalamu wanasema ikiwafikia asilimia 70 ya mbwa wa pahala, ugonjwa hukosa njia. Tunao mfano ndani ya nchi yetu. Pemba, baada ya kampeni za chanjo, kichaa cha mbwa kilitoweka mwaka 2014. Kikaingia tena mwaka 2016, na chanjo zilizofuata zikakiondoa mara ya pili mwaka 2018. Hilo limefanywa na watu wa visiwa hivi hivi, Waislamu wenye madhehebu haya haya.

Zingatieni hekima iliyomo. Mbwa aliyezoea kurushiwa mawe hashikiki, na asiyeshikika hachanjiki. Yule aliyepewa maji na chakula kwa miezi miwili humkaribia mtu, na daktari wa mifugo humpata kwa urahisi yeye na wanawe. Huruma ya leo kwa mbwa ndiyo salama ya kesho kwa mtoto anayekwenda chuoni alfajiri.

Vilebu wakishaacha kunyonya, watafutiwe wenye mashamba na mifugo wanaowahitaji kwa njia ya halali. Ama suala la kuwafunga uzazi ili wasiongezeke, lina khitilafu. Imam Nawawi ameharimisha kuhasiwa kwa mnyama asiyeliwa, na wapo wanazuoni wa zama hizi walioruhusu wakitazama kuzuia madhara makubwa zaidi. Hatutoi fatwa hapa. Waulizwe masheikh, na masheha na madaktari wa mifugo wakae nao, ili mtaa uwe na msimamo mmoja badala ya kila mtu na gunia lake.

Jawabu letu

Kwa hivyo, jawabu letu kwa mama wa Bububu ni hili. Mpe maji, mpe makombo, mwache katika kibanda cha kuni mpaka wanawe wajitegemee, na muarifu daktari wa mifugo. Usimwingize ndani, na linda vyombo na nguo zako za sala. Hukufanya dhambi, bali tunakutarajia ujira. Sala yako ni sahihi maadamu umejitoharisha.

Na kwa akina baba tunasema: zungumzeni na wake zenu na majirani kwa upole, na mwambieni mwenye gunia kuwa ujira wa kisima uko karibu naye. Bububu ni nchi ya maji. Chemchemi zake ndizo zilizopelekwa kwa mifereji mjini Unguja katika zama za Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, na mji mzima ukanywa. Watu wa maji mengi namna hii hawatakosa kifuu kimoja kwa kiumbe anayenyonyesha.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atufahamishe dini yetu kwa ukamilifu wake, azilainishe nyoyo zetu kwa viumbe vyake vyote, na aturehemu Siku ambayo hatutakuwa na cha kutegemea ila rehema Yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.